Hongo, Rugaruga na Sungusungu: Uhalifu wa Kupangwa Katika Njia ya Misafara



Ndugu viongozi wa walei, wanajumuiya na wageni wetu, mada niliyokabidhiwa ni uhalifu wa kupangwa. Najua kwamba mara maneno hayo yanapotamkwa, mawazo ya wengi wetu huvuka bahari na kutua Marekani, kwa sababu vijana wetu wameona kwenye vibanda vya video watu wa Chicago waliovaa makoti marefu na kofia, wakipigana risasi barabarani. Basi na tuanze huko, ila tusikae sana, maana nyumbani kwetu Tabora ipo shule ya jambo hilo iliyo kongwe kuliko ile ya Chicago.

Tangu Januari 1920 hadi Desemba 1933, sheria ya Marekani ilikataza kutengeneza, kusafirisha na kuuza vileo. Waliyoipigania walikuwa na nia njema, na wengi wao walikuwa Wakristo wenye bidii waliochoshwa na ulevi uliovunja nyumba za watu. Lakini kiu ya watu haikufutwa na sheria. Mjini Chicago, Johnny Torrio, na baada yake Al Capone, walijenga biashara kubwa yenye viwanda vya siri vya bia, malori, maghala, wahasibu na mawakili. Polisi na mahakimu walilipwa. Hapo awali magenge ya mitaani yalikuwa watumishi wa wanasiasa, yakiwatafutia kura na kuwatisha wapinzani siku ya uchaguzi. Sasa mkubwa wa genge akawa tajiri kuliko mwanasiasa, na utumishi ukageuka. Tarehe 14 Februari 1929, watu saba walisimamishwa ukutani ndani ya gereji moja wakapigwa risasi, na hakuna hata mtu mmoja aliyepata kuhukumiwa kwa mauaji yale. Capone mwenyewe alipohukumiwa mwaka 1931, alipewa kifungo cha miaka 11 kwa kosa la kutolipa kodi ya mapato. Damu ilishindwa kumfunga. Daftari la hesabu likamfunga.

Naomba mshike jambo moja katika habari hiyo. Genge la uhalifu si wingi wa wezi. Wezi wamekuwako tangu zamani, na mwizi aliye peke yake huiba kuku usiku akakimbia. Uhalifu hupata mpango pale ambapo kuna njia inayopitisha mali nyingi, kuna vijana wasio na pa kushika, kuna mnunuzi mwishoni mwa njia asiyeuliza mali imetoka wapi, na juu yao wote yuko mkubwa anayeuza kinga. Ondoa kimojawapo, genge linayumba. Viache vyote mahali pamoja, na hapo hata watu wema watajikuta wameingia katika mpango bila kujua waliingia lini.

Sasa turudi nyumbani.

Njia ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo penye shida ya maji, ikaingia Unyamwezi hadi Tabora, kisha ikaendelea mpaka Ujiji. Kutoka pwani hadi Tabora ni zaidi ya kilomita 800, na msafara ulitumia miezi mitatu hivi. Burton na Speke walipofika mwaka 1857 katika mji waliouita Kazeh, ndio Tabora yetu, waliwakuta wafanyabiashara Waarabu wamekwisha kujenga matembe yao na kuweka maghala. Kutoka pwani zilikuja nguo, shanga, nyaya za shaba, bunduki na baruti. Kutoka bara zilishuka pembe za ndovu na, kwa aibu yetu sote, watu. Mizigo ilibebwa mabegani, na wabebaji wengi walikuwa Wanyamwezi waliofanya kazi hiyo kwa ujira na kwa fahari. Hao nawataja kwa heshima, kwa sababu habari za njia hii husimuliwa mara nyingi mno kana kwamba ilikuwa ya matajiri tu.

Na msidhani kwamba Marekani ilikuwa mbali. Kitambaa kilichopendwa kuliko vyote kiliitwa merikani, kwa kuwa kilifumwa katika viwanda vya Massachusetts na kuletwa Unguja kwa merikebu. Pembe nazo zilisafiri njia hiyohiyo kinyume. Nyingi ziliishia katika jimbo la Connecticut, ambako zilikatwa kuwa vibao vyeupe vya kupigia piano. Binti aliyejifunza muziki sebuleni kwao hakujua habari ya kijiji kilichochomwa upande wa magharibi wa Tabora. Hakuuliza, na aliyemuuzia piano hakuwa na sababu ya kumweleza.

Katika njia hiyo ndimo lilimokulia neno ambalo leo tunalitamka kila siku: hongo. Wengi wetu tunalijua kwa maana ya rushwa tu. Lakini hongo ya misafara haikuwa siri wala haikuwa dhambi kwa asili yake. Ilikuwa ushuru. Mtemi alikuwa na nchi, visima na chakula, na msafara wa watu mia kadhaa ulikuja kuvinywa na kuvila. Ilikuwa haki atoe sauti. Akipewa nguo, shanga na nyaya, aliruhusu maji yachotwe, chakula kinunuliwe na watu walale kwa amani. Wasafiri Wazungu waliandika malalamiko marefu juu ya hongo ya Wagogo, lakini sikumbuki kwamba walilalamika hivyo juu ya ushuru wa forodha wa kwao.

Ushuru uligeuka kuwa kitu kingine pale malipo yalipoacha kununua amani. Mfanyabiashara alilipa leo, kesho akatokea mwingine mwenye bunduki akidai tena, na aliyelipwa kwanza hakuweza, au hakutaka, kumlinda. Kulipa ili usidhurike na yule yule unayemlipa, hiyo si kodi. Ndiyo kazi waliyoifanya magenge ya Chicago kwa wenye maduka miaka mingi baadaye. Basi neno letu la hongo lilianza likiwa na heshima ya mtemi, likashuka ngazi kwa ngazi mpaka likawa noti inayokunjwa ndani ya leseni ya dereva.

Tusiwasingizie watemi peke yao. Mwaka 1860 mtemi wa Unyanyembe, Mnywa Sele, alitaka kutoza kodi bidhaa za Waarabu waliokaa katika nchi yake. Wafanyabiashara hao walikataa. Walichukua bunduki, wakaunga mkono ukoo uliopingana naye, wakamfukuza, wakamweka Mkasiwa kuwa mtemi. Tangu siku hiyo Mnywa Sele akaishi porini, akishambulia misafara kwa miaka kadhaa, mpaka alipokamatwa na kukatwa kichwa mwaka 1865. Katika barua na vitabu vya siku zile aliitwa mnyang'anyi. Lakini aliyemgeuza mtawala kuwa mnyang'anyi ni nani? Nawaomba mlifikirie swali hilo bila haraka. Wenye mali waliochoka kulipa kodi halali walinunua mtawala wa kuwafaa, na kwa kufanya hivyo wakazaa hatari mpya katika njia yao wenyewe.

Baada ya hapo bunduki ziliongezeka, na pamoja nazo likaongezeka kundi la vijana walioitwa rugaruga. Walikuwa mateka wa vita, watumwa waliotoroka, wapagazi walioacha mizigo njiani, na watoto ambao vijiji vyao vilikuwa vimeteketezwa. Walivaa nguo nyekundu na manyoya kichwani, walibeba magobori, mikuki na pinde, na mshahara wao ulikuwa nyara. Nataka mwone walikotoka. Hawakushuka kutoka mbinguni wala hawakuzaliwa wabaya. Biashara ya pembe na watu iliwanyang'anya wazazi na mashamba, kisha biashara hiyohiyo ikawapa bunduki.

Nyungu ya Mawe, mtu wa ukoo wa watawala wa Unyanyembe aliyehamia Ukimbu, alijenga utawala mzima kwa rugaruga, akaweka wasimamizi wake kila mahali wakusanye pembe. Mirambo wa Urambo alifanya makubwa zaidi. Mwaka 1871 alifunga njia ya kwenda Ujiji. Waarabu wa Tabora walipomwendea kwa vita, pamoja na Stanley aliyejiunga nao, walivizwa na kushindwa, na sehemu ya Tabora ikachomwa. Stanley alilazimika kuzunguka njia ya kusini ili amfikie Livingstone. Viongozi hao wawili, Mirambo na Nyungu, walifariki mwaka uleule wa 1884.

Je, Mirambo alikuwa shujaa au mkubwa wa genge? Kambi ya jeshi hapa Tabora ina jina lake, nami sina ugomvi na jina hilo. Alileta utaratibu mahali palipokuwa na vurugu; alitaka njia iwe na mlinzi mmoja badala ya mia. Lakini wanakijiji waliopitiwa na rugaruga wake hawakuona tofauti. Mtakatifu Augustino, ambaye tulimsoma seminarini pale Kipalapala, alisimulia habari ya haramia mwenye jahazi moja aliyemuuliza mfalme mwenye merikebu nyingi ni kipi hasa kinachowatenganisha. Swali lile lingeweza kuulizwa Urambo. Lingeweza kuulizwa pia kwenye boma la Wajerumani, ambao baada ya kumshinda Isike mwaka 1893 waliwachukua rugaruga hao hao na kuwatumia kama askari wa kukodi, hata katika kuzima Majimaji mwaka 1905 hadi 1907. Aliyekuwa mporaji jana akawa msaidizi wa dola leo, na hakubadilisha mwenendo bali bwana.

Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, misafara ilikwisha. Vile vitu vinne nilivyovitaja havikwisha pamoja nayo.

Wazee mlio hapa mnakumbuka miaka ile baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Bunduki zilizotawanyika kutokana na vita zilifika mikononi mwa majambazi. Wizi wa ng'ombe katika Unyamwezi na Usukuma ukaacha kuwa wizi wa usiku mmoja. Ng'ombe walichukuliwa kundi zima, wakapokelewa na watu wengine njiani, wakafika penye soko la mbali ambako mnunuzi alikuwa amekwisha kusubiri. Mwananchi akimpeleka mtuhumiwa polisi, mara nyingi mtuhumiwa alirudi kijijini kabla ya mshtaki. Kumbukeni pia kwamba mwaka 1976, katika msako wa wauaji mikoa ya Mwanza na Shinyanga, watuhumiwa waliteswa na baadhi yao wakafa mikononi mwa vyombo vya dola, hata Waziri wa Mambo ya Ndani wa wakati huo, Ali Hassan Mwinyi, akajiuzulu Januari 1977. Kwa hiyo mwanakijiji alikuwa katikati ya mwizi asiyemwogopa polisi na polisi asiyemwamini.

Hapo ndipo, mwaka 1981 na 1982, katika mpaka wa Kahama na Nzega, watu wa kawaida walipojiunga na kuunda Sungusungu, jina la wale siafu weusi wanaouma kwa pamoja. Kwetu wengine waliwaita Basalama, watu wa amani. Silaha yao ilikuwa upinde, mishale na filimbi. Filimbi ikilia, kila mwanamume alitoka, na kijiji cha pili kikaitikia, na cha tatu. Mwizi hakuwa na pa kupita. Na adhabu iliyoogopwa kuliko mshale ilikuwa kutengwa: hakuna wa kukusalimu, hakuna wa kukupa moto wala maji, hakuna wa kukuzikia. Kwa muda mfupi wizi wa ng'ombe ulipungua kiasi ambacho watu walishangaa. Mwanzoni dola iliwatilia shaka, baadaye ikawakubali, na mwaka 1989 sheria ikawapa nafasi pamoja na mgambo.

Nasema bila kigugumizi kwamba hilo lilikuwa tendo kubwa la wanyonge. Hawakungoja mkubwa wa kuwauzia kinga, walijilinda bure. Lakini tazameni kilichofuata mahali pengi. Faini zilizotozwa hazikuandikwa. Aliyekuwa na ugomvi wa shamba na jirani yake alijua mlango wa kupitia. Watuhumiwa walipigwa ili wakiri, na aliyepigwa vya kutosha hukiri lolote. Kisha ukaja uovu mzito kuliko wa ng'ombe: katika nchi yetu na ya ndugu zetu Wasukuma, bibi vizee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, baadhi yao kwa sababu tu macho yao yalikuwa mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa miaka mingi jikoni. Mauaji hayo mara nyingi hukodiwa. Yupo anayelipa, yupo anayelipwa, na yupo anayerithi shamba. Huo nao ni uhalifu wa kupangwa, hata kama haukuvaa koti refu.

Pembe nazo? Hesabu ya tembo nchini Tanzania ilikuwa yapata 109,000 mwaka 2009. Mwaka 2014 ilikuwa imeshuka hadi yapata 43,000. Kijana wa kijijini aliyefyatua risasi porini alipata fedha kidogo na hatari nyingi. Waliopata fedha nyingi walikaa mijini. Mwaka 2019 mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, ilimhukumu Yang Fenglan, mfanyabiashara kutoka China, kifungo cha miaka 15 kwa biashara ya meno ya tembo. Alikuwa amekuja nchini kwetu mara ya kwanza katika miaka ya 1970 kama mkalimani wa Kiswahili kwenye ujenzi wa reli ya TAZARA. Kwa muda mrefu wengi waliokamatwa walikuwa wale wenye bunduki porini, kana kwamba njia ya misafara haina mwisho wala mwenye ghala.

Mtaniuliza, viongozi wa jumuiya wanahusikaje? Wanahusika kwa sababu wengi wenu mmo katika kamati za ulinzi za vijiji na mitaa. Faini isiyo na stakabadhi, ikataeni hata kama fedha yake inakwenda kununua betri za tochi za walinzi. Kikao kinachoitwa usiku kumjadili mama mzee, msikihudhurie kimyakimya mkidhani kwamba kunyamaza ni kutoshiriki. Siku hiyohiyo apelekewe habari mwenyekiti wa kijiji, polisi na paroko, na mama huyo ahamishiwe kwa ndugu wa kuaminika kabla ya jua kuzama. Sisi tusio na bunduki tuna jambo moja ambalo genge haliwezi kulivumilia, nalo ni watu wengi wanaojua habari ileile kwa wakati mmoja.

Lipo jingine ambalo ni gumu kwangu kulisema mbele ya kamati za ujenzi. Mwaka 1930, wakati wa njaa ya kukosa kazi, Al Capone alifadhili jiko la supu mjini Chicago. Maelfu ya watu walikula. Walikuwa na njaa kweli, wala siwalaumu. Lakini tangu siku ile ilikuwa vigumu kwa mtu wa mtaa ule kusema neno baya juu yake. Sisi nasi tuna makanisa yanayongoja mabati. Akija mtu ambaye kijiji kizima kinanong'ona juu ya utajiri wake, akatoa mabati mia mbili katika harambee, tunampigia makofi, tunamketisha kiti cha mbele, na jina lake linasomwa baada ya komunyo. Kijana aliyekuwa akitafakari aende kulima tumbaku au aende na wale jamaa wa usiku, ameketi nyuma akitazama. Kwa maoni yangu ni afadhali tusali chini ya mwembe mwaka mwingine. Najua wapo mapadre wenzangu wasiokubaliana nami, na wana hoja zao. Mvua hainyeshi kwa maoni.

Mwisho kuna suala la mnunuzi, ambalo nimelirudia makusudi. Wizi wa ng'ombe unaishi kwa sababu nyama yake inaliwa. Mwenye bucha anayepewa fahali kwa nusu ya bei anajua. Kamati ya harusi inayoletewa ng'ombe wawili alfajiri, bila karatasi ya mnada wala kibali cha kusafirisha, nayo inajua, ila inaharakisha kuwasha moto. Kwa hiyo nimewaomba wenyeviti wa jumuiya ndogondogo waanze hapo katika kikao cha mwezi huu: kila kamati iliyosimamia sherehe tangu Pasaka ije na karatasi ya ng'ombe aliyechinjwa, ikionyesha alinunuliwa mnada upi, siku gani, na kwa nani. Isiyo nayo itueleze.